Kisanduku cheupe kwenye hati ya mzigo: uchambuzi wa kisa cha bakodi iliyoonekana kiooni isionekane karatasini

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika ghala moja upande wa Shimanzi, Mombasa. Jina la kampuni na majina ya watu nimeyaondoa, na nambari za hati nimezibadilisha. Mambo ya kiufundi nimeyaacha yalivyokuwa. Nawaandikia mafundi wenzangu wanaotunza mifumo iliyojengwa zamani kwa Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft. Mifumo hiyo bado ni mingi mjini, na mara nyingi fundi huitwa siku ambayo kompyuta ya zamani imeshakufa.

Usuli

Ghala hupokea mizigo kutoka bandarini, hasa mchele, sukari na mbolea, na kuitoa kwa malori yanayopanda bara, mengine mpaka Malaba na ng'ambo yake. Lori halitoki getini bila hati ya kutolea mzigo. Hati ni karatasi moja ya A4: juu pana nambari ya hati, kisha jina la mwenye mzigo, idadi ya magunia na nambari ya lori. Chini, upande wa kulia, pana bakodi, yaani msimbo pau unaobeba nambari ile ile ya hati. Askari wa geti ana skana iliyounganishwa na kompyuta. Akiisoma bakodi, mfumo unaifunga hati hiyo isitumike tena.

Kando ya kompyuta askari ana daftari. Humo huandika kwa mkono saa, nambari ya lori, na nambari ya hati anayoisoma kwa macho yake juu ya karatasi. Tajiri wa ghala alikuwa anafikiria kuliondoa daftari hilo, akiona kazi inafanywa mara mbili.

Mfumo wenyewe ulijengwa kwa Access 2007. Karani alifungua fomu, akaijaza, akabonyeza kitufe, na fomu ile ile ya kwenye skrini ndiyo iliyochapwa. Ripoti, yaani ule ukurasa wa Access uliokusudiwa kuchapwa, haikuwapo. Bakodi ilichorwa na kidhibiti cha ActiveX, yaani kijiprogramu cha kuchomeka ndani ya programu nyingine, faili ya OCX kutoka kwa mtengenezaji wa nje, iliyopachikwa kwenye fomu na kuunganishwa moja kwa moja na uga wa nambari ya hati. Kwa miaka yote hiyo iliwafaa, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuigusa.

Kilichotokea

Ilikuwa Februari, joto la kaskazi limepamba moto. Asubuhi moja umeme ulikatika, na uliporudi kompyuta ya karani haikuwaka tena. Tajiri alinunua nyingine siku ile ile, yenye Windows 10 na Access 2016 ya biti 32. Fundi wa dukani alihamisha hifadhidata, akaona fomu inalalamika kuwa kidhibiti hakipo, akatafuta intaneti toleo jipya la kidhibiti hicho hicho na kukisajili. Fomu ikafunguka, bakodi ikatokea safi kwenye skrini, naye akaondoka.

Hati ya kwanza kuchapwa ilikuwa na kila kitu isipokuwa bakodi. Mahali pake palikuwa na kisanduku cheupe.

Siku mbili zilipita wakihangaika na printa. Walinunua tona mpya. Walifungua rimu nyingine ya karatasi, kwa kuwa mtu alisema ile ya kwanza imekula unyevu, jambo ambalo hapa pwani hutokea kweli, ila halifuti bakodi na kuacha maandishi. Draiva ya printa iliondolewa na kuwekwa tena. Huku getini askari alikuwa akiingiza nambari kwa vidole, tarakimu baada ya tarakimu, na malori yamejipanga mpaka barabarani, matingo wakipiga honi.

Niliitwa siku ya tatu. Karani, mama wa makamo ambaye amekaa kwenye kiti kile tangu mfumo ulipoanza, alinieleza tatizo vizuri kuliko mtu yeyote: "Mwanangu, kiooni naiona, karatasini siioni."

Nilifanya majaribio manne, na yote hayakuchukua nusu saa. La kwanza, nilichapa fomu kwenye faili ya PDF badala ya printa, kwa kutumia printa ya PDF inayokuja na Windows 10. Kisanduku kikatoka cheupe vilevile. Hapo printa, tona na karatasi viliondoka kwenye orodha ya washukiwa kwa mkupuo mmoja. La pili, nilichapa fomu nyingine yenye picha ya nembo. Ikatoka sawa. La tatu, nilitazama sifa ya Display When ya kile kidhibiti, kwa sababu Access huruhusu kitu kwenye fomu kionekane kwenye skrini tu, au kwenye karatasi tu, au kote kuwili. Ilikuwa imewekwa kote kuwili. La nne, nilitengeneza fomu tupu, nikaweka kidhibiti peke yake bila hifadhidata nyuma yake, nikachapa. Cheupe.

Kwa hiyo kosa lilikuwa ndani ya kidhibiti. Inafaa kueleza kwa nini kitu kinaweza kuonekana na kisichapike, kwani mkanganyiko wote wa siku mbili zile ulitoka hapo. Kwenye skrini, kidhibiti cha ActiveX kinaweza kuwa na dirisha lake dogo na kujichora humo chenyewe, Access ikiwa imekipa nafasi tu. Wakati wa kuchapa, hakuna dirisha. Access hukiomba kidhibiti kijichore upya, safari hii kwenye uwanja wa printa. Kidhibiti kilichoandikwa vizuri huitika. Kilichoandikwa kwa ajili ya skrini pekee hakiitiki, na Access huchapa nafasi tupu bila kutoa onyo lolote.

Uamuzi wa kwanza, na madhara yake

Foleni ilikuwa ndefu na tajiri amesimama mlangoni. Niliamua kutafuta njia ya mkato ya siku ile. Kidhibiti kilikuwa na amri ya kuhifadhi bakodi kama picha. Niliandika msimbo mfupi wa programu: kila hati inapofunguka kwenye fomu, kidhibiti kinahifadhi picha, na picha hiyo inapakiwa kwenye fremu ya kawaida ya picha ya Access. Msimbo niliuweka kwenye tukio la Current, linalotokea kila fomu inapohamia rekodi nyingine.

Bakodi ikachapika. Tukashangilia. Askari akaleta skana, akaisoma mara tano, isisome hata mara moja.

Hapa hesabu ilisaidia kuliko kubahatisha. Bakodi ilikuwa ya aina ya Code 128. Katika aina hii kila herufi huchukua vizio 11 vya upana, kizio kikiwa ni upana wa mstari mwembamba kabisa. Nambari ya hati ina herufi 10, basi vizio 110. Ongeza 11 vya alama ya kuanzia, 11 vya herufi ya ukaguzi (ambayo skana huitumia kuhakiki kwamba imesoma sawa) na 13 vya alama ya kumalizia: 145. Kila upande panatakiwa nafasi nyeupe ya vizio 10, jumla 165. Nafasi kwenye fomu ilikuwa milimita 50, na picha ilihifadhiwa kwa kipimo cha skrini, pikseli 96 kwa inchi, yaani pikseli 189. Gawa pikseli 189 kwa vizio 165: kila kizio kinapata pikseli moja na kidogo. Hakuna nusu pikseli, kwa hiyo vizio 141 vinapata pikseli moja na vizio 24 vinapata mbili. Mistari iliyopaswa kulingana ikawa mmoja mwembamba na mwingine maradufu. Jicho la binadamu huona bakodi nzuri tu. Skana, ambayo kazi yake ni kupima upana wa mistari, huona takataka.

Nikaipanua nafasi mpaka sentimita 7 na kuiambia amri itoe picha ya pikseli 1,650, kumi kamili kwa kila kizio. Skana ikalia mara ya kwanza ilipoelekezwa. Nilichapa hati moja, ikasomwa. Nikachapa nyingine, ikasomwa. Nikaaga.

Kesho yake saa saba mchana nilipigiwa simu. Lori moja lilikuwa limeshatoka, na la pili likakataliwa: mfumo ulisema hati yake imeshatumika. Askari aliifunga geti, na alifanya vyema. Alitazama daftari lake, akaona kwamba lori lililotoka aliliandikia nambari iliyoishia na 79, ambapo kwenye kompyuta hati iliyofungwa iliishia na 77. Akaomba hati za malori yote yaliyokuwa yakisubiri, akazisoma kwa skana moja moja. Zote nne zilizochapwa pamoja, pamoja na ile ya lori lililokwisha kuondoka, zilibeba bakodi moja: ya 77.

Juu ya karatasi nambari zilikuwa sahihi. Bakodi tatu kati ya nne zilikuwa za uongo.

Sababu ni hii. Fomu inapochapwa ikiwa na rekodi nyingi, Access hupita kwenye rekodi hizo na kuzimwaga karatasini, ila tukio la Current halitokei kwa kila moja. Picha yangu ilipakiwa mara moja, kwa rekodi iliyokuwa wazi kwenye skrini, na picha hiyo ikagongwa kwenye kurasa zote. Kidhibiti cha zamani hakikuwa na ugonjwa huo kwa sababu kiliunganishwa na uga wenyewe na kufuata kila rekodi. Mimi niliuvunja muungano huo nilipoweka picha.

Lori lililotoka lilikuwa na mzigo wake halali, na magunia yalihesabiwa wakati wa kupakia. Hakuna kilichopotea ila rekodi, nazo zilirekebishwa kwa kufuata daftari. Lakini najua ingeweza kuwa vingine, na sijalichukulia jambo hili kuwa dogo.

Uamuzi wa pili

Jioni hiyo niliichukua diski ya kompyuta iliyokufa, nikaitia kwenye kasha la USB na ikasomeka. Faili ya OCX ya zamani ilikuwapo. Niliijaribu kwenye kompyuta yangu ya mkononi: bakodi ikachapika bila shida. Tofauti basi ilikuwa toleo. Toleo jipya halikujichora kwa printa, la zamani lilijichora.

Njia nyepesi ilikuwa kurudisha faili ya zamani na kufunga kazi. Niliirudisha kweli, lakini kwa siku chache tu, ili ghala lisisimame. Faili ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64 hukaa katika folda ya SysWOW64 na husajiliwa kwa regsvr32 kwa ruhusa ya msimamizi. Wengi huikosea kwa kuiweka System32.

Sikutaka ibaki ndiyo dawa. Access ya biti 64 haipakii kabisa OCX ya biti 32, na tangu Office 2019 usakinishaji wa kawaida huwa wa biti 64 mtu asipochagua vingine. Kompyuta ijayo ya ghala hili ingewarudisha pale pale. Tena vidhibiti vya namna hii vimeshawahi kuwaangusha watu kwa njia nyingine: kalenda ya MSCAL iliondolewa na Microsoft katika Access 2010, na Agosti 2012 sasisho la usalama la MSCOMCTL.OCX, faili ya vidhibiti ya Microsoft, liliacha programu nyingi zikishindwa kufunguka mpaka faili isajiliwe upya. Hati inayoruhusu lori kutoka haifai kutegemea kitu ambacho mwenye ghala hawezi kukitengeneza wala kukinunua tena.

Fonti ya bakodi niliifikiria pia. Ni rahisi na wengi huitumia. Niliiacha kwa sababu moja: kompyuta isiyokuwa na fonti hiyo haikatai kuchapa, bali huweka fonti nyingine na kutoa herufi za ovyo.

Nilichagua kuhamisha uchapaji kwenye ripoti na kuchora mistari kwa amri ya Line, ambayo Access inayo kwenye ripoti na haina kwenye fomu. Hakuna OCX, hakuna fonti, hakuna picha. Mistari huchorwa kwa kipimo cha printa yenyewe. Mchoro niliuweka kwenye tukio la Print la Detail, sehemu ya ripoti inayobeba rekodi, tukio ambalo hutokea kwa kila rekodi inayoingia karatasini.

Vipimo vya ripoti huhesabiwa kwa twipu, 1,440 kwa inchi. Nilikipa kila kizio twipu 24. Kwenye printa ya nukta 600 kwa inchi hizo ni nukta 10 kamili, na kwenye ya nukta 300 ni 5 kamili, hivyo hakuna mstari unaonenepa kwa kukadiriwa. Bakodi nzima pamoja na nafasi zake nyeupe ni twipu 3,960, sentimita 7 kasoro kidogo.

Herufi ya ukaguzi huhesabiwa hivi. Tuseme maandishi ni T482. Katika seti B ya Code 128, thamani ya kila herufi ni nambari yake ya ASCII (nambari ambayo kompyuta huipa kila herufi) ukitoa 32: T ni 52, 4 ni 20, 8 ni 24, 2 ni 18. Anza na 104 ya alama ya kuanzia. Zidisha kila thamani kwa nafasi yake na ujumlishe: 104, na 52, na 40, na 72, na 72. Jumla 340. Gawa kwa 103, baki ni 31, na hiyo ndiyo herufi ya ukaguzi. Ukikosea hapa bakodi itachapika vizuri na hakuna skana itakayoikubali.

Matokeo

Ripoti ilianza kazi Jumatatu. Kabla ya hapo tulichapa hati 12 kwa mpigo, tukazichanganya kama karata, na askari mwenyewe akazisoma getini huku karani akifuata nambari kwenye orodha. Zote 12 zilisomeka na kila moja ilitoa nambari yake.

Kilitokea kikwazo kimoja. Karani alifungua ripoti kwenye skrini, asione mistari yoyote, akaniita kwa hofu: "Imerudi tena, mwanangu." Ilikuwa imefunguka katika mwonekano wa Report View, ulioletwa na Access 2007, ambamo matukio ya Format na Print hayatokei. Niliibadilisha ifunguke katika Print Preview, na mistari ikaonekana.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni jaribio la PDF. Lilichukua dakika moja na kama lingefanywa siku ya kwanza, tona ile isingenunuliwa. Tatizo la kuchapa humvuta kila mtu kwenye printa kwa sababu ndiyo inayoonekana kukosea, kumbe printa huchapa ilichopewa. Diski ya zamani nayo ilifaa. Bila hiyo ningebaki kumshuku Access au Windows 10, na hakuna aliyekuwa amekosea kati ya hao. Fundi wa dukani simlaumu sana: alitazama skrini, na skrini ilikuwa sawa.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Niliijaribu kazi kwa hati moja moja kwa sababu ndivyo mimi nilivyokuwa nikichapa. Karani hachapi hivyo. Asubuhi hujaza hati za malori yanayopakiwa, na karibu na adhuhuri, kabla hajaenda kuswali, huzichapa zote pamoja. Amefanya hivyo miaka yote. Hakunificha. Sikumuuliza. Ningekaa naye robo saa nikatazama mikono yake, hitilafu ya rekodi nyingi ningeiona siku ile ile.

Hata ndani ya njia ya mkato palikuwa na njia bora. Tangu Access 2007 fremu ya picha ina sifa ya Control Source, inayoweza kuunganishwa na uga wenye anwani ya faili ya picha. Ningetengeneza picha kwa kila hati na kuunganisha fremu na uga huo, kila ukurasa ungepata picha yake. Niliisahau kwa haraka.

Kisanduku cheupe kilikuwa kosa la wazi: kila mtu alikiona na kazi ikasimama. Bakodi yangu ya pili ilikuwa kosa lililovaa sura ya usahihi, ikasomeka, ikaliachia lori. Nikilazimika kuchagua kati ya hayo mawili, nachagua kisanduku cheupe.

Daftari limebaki getini, na tajiri mwenyewe ndiye aliyesema libaki. Askari aliomba jambo moja zaidi: nambari iandikwe kwa herufi kubwa chini ya mistari. Niliiandika kwa kutumia maandishi yale yale yanayopewa amri ya kuchora, huku nambari ya juu ya karatasi ikitoka moja kwa moja kwenye jedwali. Zikitofautiana, karatasi yenyewe itasema. Sasa lori likifika, askari huweka kidole kwenye nambari ya juu, akakishusha mpaka ya chini, ndipo anainua skana.